Wimbo wa Kukunja Majora

Wimbo ulikuwa umeshapigwa mara nne barabarani kabla Beno hajapata habari.

Habari yenyewe aliletewa na Vitalis, saa nane mchana, akihema kwa ngazi za ghorofa nne. Vitalis alikuwa na meza yake chini pale, kona ya Mtaa wa Mchikichi, na kazi yake ilikuwa kuwawekea watu nyimbo kwenye simu na kwenye flashi. Meza ilikuwa na kompyuta moja, nyaya nyingi, na spika kubwa iliyoutazama mtaa mzima. Kwa miaka kumi na tatu ya uprodyuza, Beno hakuachia wimbo wa msanii yeyote bila kumpa Vitalis kwanza. Walikuwa na mtihani wao. Vitalis anaupiga wimbo huku wapagazi wakipita na mizigo. Mpagazi akipunguza mwendo, wimbo mzuri. Akisimama na mzigo wake kichwani, huo wimbo hauna mpinzani.

"Kaka Beno," Vitalis alisema akijitupa kwenye kochi. "Ule wa sita. Wa sauti ya mwanamke."

"Umefanyaje?"

"Wapagazi watatu wamesimama. Watatu, kaka. Mmoja ana kiroba cha mchele kichwani, kasimama mpaka mwisho, shingo imemwingia kifuani. Tangu niijue Kariakoo sijaona."

Beno alitabasamu. Hakujizuia. Mtu aliyekaa miaka yote hiyo nyuma ya nyimbo za wenzake, akisikia wa kwake umesimamisha kiroba cha mchele, atatabasamu tu.

"Halafu kuna mzee wa Kiarabu," Vitalis akaendelea. "Katoka msikitini, kanzu nyeupe, bakora mkononi. Kasimama. Nikamwambia karibu mzee, akakaa kwenye kreti langu la soda. Wimbo ulipoisha akasema, 'Rudia.' Nikarudia. Akasema, 'Rudia.' Mara ya nne ndipo akaniuliza nani kaupika. Nikamwonyesha dirisha lako. Kaka, yule mzee alikuwa analia. Machozi yanateremka, wala hafuti."

Tabasamu la Beno lilikufa hapohapo.

"Hiyo bakora ina kishikio cha shaba?"

"Ina shaba, ndiyo. Unamjua?"

"Nenda kauzime."

"Nizime nini?"

"Uzime huo wimbo, Vitalis. Uufute kwenye kompyuta."

Vitalis alimtazama kama anayetazama mtu aliyepandwa na homa ghafla. "Uliniletea mwenyewe asubuhi. Ukaniambia leo tujaribu wa sita."

Ni kweli. Alimpelekea mwenyewe, kwa mkono wake. Alijiambia duka la huyo mzee wa bakora, baba wa mpenzi wake Amna, liko mtaa wa tatu, spika haifiki. Hakujiambia kwamba watu wana miguu, na kwamba wazee wanatoka msikitini na kupita wanakotaka.

"Ufute tu."

"Sawa, nafuta. Lakini nimeshawawekea watu kumi na mmoja kwenye simu. Hao nitawafuta vipi?"

Vitalis akainuka, akashuka ngazi akinung'unika, na chumba kikabaki kimya kwa ukimya ule mzito ambao Beno mwenyewe alikuwa ameugharamia, kuta zote nne zimevikwa mahameli nyeusi kutoka juu hadi chini. Hiyo mahameli ndiyo iliyomleta Amna.

Ilikuwa miezi minane nyuma. Beno alikuwa ameamua kuacha kupika biti za vijana na kutengeneza albamu yake mwenyewe, na mjini walimcheka. Mmoja wa wasanii aliowatoa alisema, mpishi kaacha jiko kaenda kukaa na wageni. Beno akanyamaza, akaendelea. Aliipa albamu jina la Ukungu wa Newala, kwa sababu kule kwao kwenye uwanda wa Makonde alikulia ndani ya ukungu, mtu unamsikia kabla hujamwona, na ndivyo alivyotaka nyimbo zake zije. Gitaa la umeme lililopigwa kwa upole mpaka linakuwa kama moshi. Zeze la baba yake mkubwa. Ngoma moja, mbali. Alitembea na kinasa sauti kidogo kwenye mfuko wa shati, akanasa mnada wa samaki pale Feri, akanasa honi za meli bandarini, akanasa mvua juu ya bati. Juu ya vyote hivyo akaimba yeye, kwa sauti yake ya mikwaruzo ambayo hakuna aliyewahi kumwomba aitoe.

Tatizo lilikuwa chumba. Chumba kilikuwa kinarudisha sauti. Akaenda Mtaa wa Sikukuu, kwenye duka la vitambaa la Mzee Hamud, akaomba kitambaa kizito cha mapazia. Binti wa mzee, Amna, ndiye aliyekuja kupima kuta. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, mwenye baibui jeusi na futi ya chuma aliyoishika kama fimbo ya mwalimu, na kitu cha kwanza alichosema ni, "Kuta zako zimepinda. Nani alijenga hapa, mlevi?"

Walitundika kitambaa pamoja. Na Beno, kama ilivyo kazi yake, alikuwa amefungua maiki tangu mwanzo, apime chumba kabla ya kitambaa na baada ya kitambaa. Alipiga kofi moja. Akasikiliza. Akaenda kukaa kwenye mashine. Amna akabaki katikati ya chumba anakunja kitambaa kilichobaki, anakirudisha kwenye jora lake, mkunjo kwa mkunjo. Mikono ikishika mwendo, mdomo nao ukafuata. Akaanza kuimba, chinichini, kama mtu aliye peke yake.

Katikati ya wimbo akanyamaza, akauliza, "Hiyo taa nyekundu ya nini?"

Beno akajibu, "Inaonyesha umeme upo."

Akaamini. Akaendelea kuimba.

Miezi minane ya mapenzi ilitoka kwenye alasiri ile. Chai ya tangawizi nyuma ya duka mzee akiwa amekwenda kuswali. Vidole vilivyogusana juu ya kitambaa ambacho hakuna anayekinunua. Macho ya Amna ambayo yakikutazama unasahau ulichokuwa unasema. Na miezi yote hiyo minane, jibu lile la taa lilikaa ndani ya Beno kama mfupa wa samaki kooni. Alikuwa akilimeza kila siku, na kila siku linarudi.

Sasa, muda mfupi baada ya Vitalis kushuka, Amna aliingia bila kubisha. Alikuwa amepanda ngazi haraka lakini hakuhema. Hakumtazama Beno. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akaweka kiganja juu ya mahameli, akasimama hivyo.

"Washa," alisema.

"Amna, kaa kwanza."

"Sikuja kukaa. Washa nisikie nilivyoimba. Mtaa mzima umesikia, mimi bado."

Beno aliwasha.

Likaja lile kofi moja. Halafu gitaa, taratibu, linajaza chumba kama ukungu unavyoingia nyumbani kupitia chini ya mlango. Halafu kitambaa kinakunjwa, fyu, fyu, na juu ya kitambaa sauti ya Amna.

*Kunja taratibu, mwanangu, usikunje kwa hasira,*
*kitambaa kina mwenyewe, yuko njiani anakuja.*
*Usimwachie kunyanzi, usimwachie alama ya mkono,*
*akikivaa siku yake, asijue tulikuwepo.*

Ukiusikia ulikuwa wimbo mzuri. Hapo ndipo dhambi ilipokuwa. Ungekuwa mbaya, Beno angeuacha. Mwishoni gitaa lilizimika, kikasikika kicheko kidogo, na Amna akisema kwa sauti ambayo mwanamke haitumii mbele za watu: "Beno, usiniangalie hivyo, nitakosea yadi."

Beno akauzima.

"Ukaacha hata hayo," Amna alisema.

"Yalikuwa mazuri."

"Mazuri." Alilirudia neno kama anayelionja. "Unajua nimetoka wapi sasa hivi? Baba amerudi dukani, amefunga mlango mmoja, amekaa. Nikajua amesikia kuhusu wewe. Nikajiandaa anipigie kelele. Ningefurahi anipigie kelele. Lakini hajaniuliza kuhusu wewe kabisa. Ameniuliza kitu kimoja tu. 'Amna, si ulisema umeusahau?'"

"Umeusahau vipi?"

"Ule ni wimbo wa mama, Beno. Alikuwa anauimba kila jioni, akikunja majora baba akifunga duka. Amefariki mwaka wa sita huu. Na kila sikukuu, tukishakula, baba ananiambia, 'Mwanangu, hebu ule wa mama yako wa kukunja.' Na mimi namjibu, 'Baba, nimeusahau.' Miaka sita namjibu hivyo. Leo anausikia kwenye kreti la soda, katikati ya wapagazi."

Beno alikuwa amejiandaa kwa siri ya mapenzi kufichuka; alikuwa na maneno ya hilo. Hili hakulijua. "Kwa nini ulimwambia umeusahau?"

"Hilo hukuniuliza wakati unaweka gitaa."

"Ilikuwa bahati mbaya, Amna. Nakuapia. Maiki ilikuwa wazi kwa ajili ya kupima chumba, wewe ukaanza..."

"Nilikuuliza kuhusu taa."

Beno aliitazama mashine yake.

"Nilikuuliza," Amna alisema, na sasa ndipo alipogeuka, macho yale yale, makavu. "Nakumbuka kabisa. Nilisimama hapa. Nikasema hiyo taa nyekundu ya nini. Ukasemaje?"

"Nikasema umeme upo."

"Na ilikuwa ya nini?"

"Ya kurekodi."

"Haya. Basi usiniletee bahati mbaya."

Kutoka chini ilikuja sauti ya mtu anayenadi soksi, jozi tatu kwa bei ya mbili. Beno alitazama sakafu. Alikuwa mtu mzima, miaka thelathini na minane, na alijiona mdogo kuliko alivyowahi kujiona mbele ya mtu yeyote.

"Ningekwambia kweli, ungenyamaza," alisema.

"Ndiyo. Ningenyamaza. Kunyamaza kulikuwa kwangu."

"Nilitaka kukwambia. Mara nyingi sana. Hata juzi nilikupigia kwa ajili hiyo."

"Juzi ulinipigia ukaniuliza kama nimekula."

"Niliogopa."

"Mimi nilidhani unanipenda." Aliyasema bila kilio, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Nilikuwa narudi nyumbani najisemea, yupo mtu mmoja Dar es Salaam hii niliyeweza kuimba mbele yake. Mmoja. Nikaona hiyo ndiyo dalili. Kumbe nilikuwa naiimbia mashine."

"Nakupenda, Amna."

"Labda. Lakini siku ile ulisikia uzuri, hukunisikia mimi."

Beno aligeukia kompyuta. "Naufuta. Sasa hivi unaona. Ijumaa albamu itatoka bila huu." Kidole kilikuwa tayari.

"Acha hapo." Amna alivuka chumba kwa hatua mbili, akamsukuma mkono. "Unataka kubonyeza kitufe kimoja halafu ujione mwepesi. Huutui huo mzigo kirahisi hivyo. Baba anaamini nimekuja huku kwa hiari yangu, nikaiimbia redio wimbo niliomnyima yeye. Utakwenda kumwambia ilivyokuwa. Kwa mdomo wako, mimi nikiwa nimesimama."

"Twende," Beno alisema.

Walishuka. Spika ya Vitalis ilikuwa kimya, na Vitalis mwenyewe alijifanya anakunja nyaya. Lakini wapagazi hawana siri. Watatu walikuwa wamekaa juu ya mikokoteni yao kivulini, na Beno alipopita, mmoja akabana sauti ikawa nyembamba, akasema kwa madaha, "Beno, usiniangalie hivyo." Wenzake wakacheka. Mwingine akaongeza, "Atakosea yadi huyo." Hawakujua mwenye sauti ndiye anayetembea hatua mbili nyuma, na ushungi wake ameuvuta mpaka kwenye nyusi. Beno alijua. Kutoka pale mpaka Mtaa wa Sikukuu ni mwendo wa dakika sita, na hakuwahi kutembea njia ndefu kama ile.

Mzee Hamud alikuwa ameketi kwenye kiti chake kati ya majora, bakora imelazwa juu ya magoti. Alikuwa mwembamba, ndevu nyeupe, uso wa mtu asiyependa maneno mengi.

"Shikamoo mzee," Beno alisema.

Mzee hakuitikia. Shikamoo ile ikabaki inaning'inia kati yao. Beno hakukaa, wala hakukaribishwa.

"Wewe ndiye Beno anayetajwa mle?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Ulimwomba mwanangu aimbe?"

"Hapana."

"Alikuja huko kuimba?"

"Alikuja kupima kuta. Kitambaa nilinunua hapa kwako. Alikuwa anakunja kilichobaki, akaimba bila kujua nasikia kwa mashine. Aliniuliza taa nyekundu ni ya nini. Nikamdanganya kwamba ni ya umeme. Halafu nikauchukua wimbo, nikauwekea muziki, nikaupeleka barabarani. Yeye ameujua leo, kama wewe."

Alikuwa ameyasema yote kwa pumzi moja, na yalipokwisha akashangaa kwamba ni machache hivyo. Miezi minane ya kuyaficha, na yameisha kabla mteja mmoja aliyekuwa mlangoni hajamaliza kushika kitambaa.

Mzee Hamud aliitazama bakora yake. "Kwa hiyo hakukuimbia wewe."

"Hapana, mzee. Alikuwa anakunja."

"Na yale maneno ya mwisho? Hayo aliyaambia jora?"

Amna, aliyesimama kando ya mlango, aliinamisha kichwa.

"Sikiliza, bwana mdogo. Nimeambiwa wewe ni mtu wa Newala, na ni mtu wa dini nyingine. Hayo yana mazungumzo yake na siku yake, na huenda ningesema hapana, lakini ningekaa nikakusikiliza. Mtu akimtaka binti wa watu anatafuta mshenga, mtu mzima, anakuja na maneno ya adabu. Hujaleta mshenga. Umeleta spika."

Beno akaitikia kwa kichwa.

Mzee akamgeukia binti yake, na uso ukabadilika. Ukali wote ukamtoka, akabaki mzee tu aliyechoka. "Sasa wewe. Kwa nini ulinificha?"

"Baba..."

"Miaka sita naomba, Amna. Nimekuwa nikijitahidi niukumbuke mwenyewe. Nimebakiwa na mstari mmoja tu, nao siuimbi sawasawa. Kwa nini?"

Amna alilishika jora lililokuwa karibu, kama anayetaka kitu cha kushikilia asianguke.

"Siku ya mwisho wodini," alisema. "Wewe ulikuwa umekwenda kuchukua dawa. Mama akaniambia, 'Hebu niimbie ule wa kukunja.' Wodi ilikuwa imejaa, Baba. Vitanda huku na huku, watu na ndugu zao. Nikaona haya. Nikamwambia, 'Mama, nimeusahau.' Akasema, 'Haya, utaukumbuka.' Alfajiri akafariki. Baada ya hapo ningeukumbuka vipi mbele yako? Ningeimba, nawe ungeuliza mbona mama yako hukumwimbia."

Mteja mlangoni aliweka kitambaa chini polepole, akaondoka.

Beno alisimama pale na akaelewa alichokiiba. Alidhani ni sauti. Kumbe ni kitu ambacho Amna alikuwa akikirudisha kidogo kidogo, peke yake, mkunjo kwa mkunjo, mpaka siku moja aweze kumpa baba yake. Siku ile kwenye chumba cha mahameli alikuwa anajaribu. Yeye Beno akakikwapua njiani.

"Njoo hapa," mzee alimwambia binti yake, na alipofika akamshika kiganja, akakaa nacho tu. Baadaye, bila kumtazama Beno, akauliza, "Asili ya huo wimbo iko wapi?"

"Juu, kwenye diski yangu. Ni moja tu."

"Mpe Amna. Yeye ndiye atakayejua la kufanya nayo." Akaongeza, "Na hao waliokwisha kuupata?"

"Kumi na mmoja. Hao siwezi kuwafikia, mzee. Ningedanganya nikisema naweza."

"Basi utakuwa ukikumbuka hesabu yao."

"Nitaikumbuka."

Beno aligeuka kutoka. Alikuwa ameshakanyaga kizingiti aliposikia nyuma yake, kwa sauti ya chini, "Marahaba."

Juu ghorofani, Amna akiwa amemfuata, Beno alichomoa diski yenye wimbo ule, akaifunga kwenye kipande cha mahameli kilichobaki. Halafu akachomoa waya wa mashine kutoka ukutani. Taa nyekundu ikazimika.

Amna alikuwa anamtazama mfuko wa shati. "Na hicho?"

Beno alikitoa kile kinasa sauti kidogo, akakiweka mezani. "Hakijawaka."

"Nitaaminije?"

"Huwezi. Najua."

Amna alipokea kifurushi akakibana kifuani. "Albamu yako ina pengo sasa."

"Itatoka na pengo lake. Nyimbo tisa."

"Watu watasema huo wa sita ndio uliokuwa wenyewe. Wale kumi na mmoja watasema."

"Waseme."

Walisimama karibu, karibu kiasi cha Beno kusikia harufu ya udi kwenye ushungi wa Amna, na mikono yake yote miwili ilitaka kunyanyuka. Hakuinyanyua. "Na sisi, Amna? Nikimtafuta mtu mzima, nikamtuma kwa mzee kwa adabu?"

"Sijui." Aliyasema kwa upole, na upole ule ulikuwa mgumu kuliko hasira ya mchana. "Nikikufikiria sasa nasikia wale wapagazi. Labda watanyamaza. Labda hawatanyamaza. Usinipigie simu kuniuliza kama nimekula."

"Sitakupigia."

"Nikiwa na la kusema, ngazi nazijua."

Akatoka. Beno alibaki mlangoni, akisikiliza viatu vyake vikishuka. Ghorofa ya tatu. Ya pili. Pale chini ya ghorofa ya pili, mahali ambapo kuta ziko tupu pande zote na sauti ikidondoka inapanda juu yenyewe, viatu vikasimama.

Halafu akamsikia.

Aliuimba taratibu, kwa kujaribu, kama mtu anayepima maji kwa kidole kabla ya kuingia. Alikosea mstari wa pili, akarudi mwanzo. Hakukuwa na gitaa wala kitambaa. Ngazi zile za saruji zilishika kila neno na kulirudisha kubwa kidogo na la mbali kidogo, ule mwangwi hasa ambao Beno alikuwa ameutafuta kwa miezi yote ya albamu, kwenye mapipa, kwenye makanisa, bandarini, asiupate. Ulikuwa kwenye ngazi zake mwenyewe. Na ulikuwa mzuri kuliko wa kwenye diski, mara mbili, mara tatu.

Kinasa sauti kilikuwa mezani, nyuma yake. Mkono wake wa kulia ulianza kwenda wenyewe, kama ulivyozoea kwa miaka kumi na tatu. Aliuona ukienda. Akauvuta, akaubana ukutani juu ya mahameli, akauegemea kwa uzito wake wote.

Sauti ikafika mwisho wa ubeti, ikashuka ngazi zilizobaki, ikaingia barabarani, ikamezwa na mnadi wa soksi. Beno aliisikiliza mpaka ilipopotea, kama watu wengine wote wanavyosikiliza, mara moja tu.